Tupeane uzoefu: nguo uliyojishonea mwenyewe nyumbani, ilikwendaje?

Mkasi Butu

Wakuu, jana usiku nimemaliza shati la tatu katika maisha yangu ya ushonaji. Linavalika. Kola imekaa, vifungo vimeelekeana na matundu yake, na mke wangu ameliangalia bila kucheka. Ndiyo maana nimepata ujasiri wa kufungua mada hii.

Sasa la kwanza. Shati la kwanza nililikatia mikono miwili ya kulia. Kitambaa sikukikunja, niliweka pateni (karatasi ya kufuatisha unapokata) ya mkono, nikachora, nikaisogeza mbele, nikachora tena vilevile. Mara ya pili ilitakiwa igeuzwe kifudifudi. Sikuigeuza. Na kitambaa chenyewe kilikuwa na uso na mgongo, kwa hiyo hata ujanja wa kukigeuza kipande haukuwepo. Nilijua nilipofika begani: upande wa kushoto, sehemu ya nyuma ya mkono imekuja mbele, nikinyoosha mkono shati linanivuta kama mtu ananirudisha nyumbani. Nikaing'oa mikono yote miwili, nikaliita shati la bila mikono, nikalivaa humu humu ndani.

Naomba tusimuliane hivyo hivyo. Ulianza na nini, kipi kilikushinda, ulikiokoaje. Wa sketi ya lastiki aje, na wale mnaoshona magauni ya karne ya 18 kwa mkono (najua mpo) nanyi mje. Ule ushauri wa "nunua cherehani ya maana" tuuache mlangoni.

Mgeni wa Cherehani

Wa sketi ya lastiki ndiye mimi, umeniita.

Kipande cha mstatili, upana mara moja na nusu ya nyonga, mshono mmoja nyuma, juu unakunja njia ya kupitishia lastiki, chini unapinda. Jioni moja imekwisha. Nikaivaa siku mbili, nikaifua, ikarudi imepanda juu ya goti. Sikukifua kitambaa kabla ya kukikata. Pamba kupungua sentimita tatu, nne au tano kwa kila mita si ajabu, na sketi yenyewe nilikuwa nimeipimia kwa ubahili.

Siku hizi kitambaa kikiingia ndani kinapitia kwenye maji kwanza, vilevile nitakavyokuwa naifua nguo. Ndiyo hayo tu niliyonayo, na nimeshashona sketi sita za namna hiyo hiyo. Sijioni nikihama.

MamaBobini

Mgeni, usihame! Mimi nilihama nikakutana na hisabati.

Niliitaka sketi ya duara zima, ile ukizunguka inafunguka yote. Nikasoma kwamba unachukua mzunguko wa kiuno, unaugawanya, unapata kipimo cha kuchora duara la katikati. Kiuno changu sentimita 70. Nikagawanya kwa 3.14, nikapata 22 na ushee. Nikakunja kitambaa mara nne, nikashika uzi kwenye ncha ya pembe, nikapima 22, nikachora robo ya duara kwa chaki vizuri kabisa, nikakata. Nilipofungua, tundu la kiuno tungeingia mimi na dada yangu tukabaki na nafasi ya mkoba.

Ile 22 ni upana wa duara kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Unapochora kutoka kwenye pembe unahitaji nusu yake, yaani unagawanya kwa 6.28: kama 11 hivi. Na ukishakata kubwa, hakuna cha kuomba. Ningekosea kwa udogo ningepanua kidogo kidogo. Nikaikunja marinda kiunoni kote, ikakusanyika kama gagulo, nikaipa jina la heshima.

Ya pili niliipatia kiuno, ikanishinda pindo. Niliipinda usiku ule ule kwa furaha. Baada ya siku tatu kwenye hanga ilikuwa imeshuka mahali panne, kama ina masikio. Kumbe duara lina sehemu ambazo kitambaa kinaning'inia kwa mtande (nyuzi za urefu), sehemu zinazoning'inia kwa mshindio (nyuzi za upana), na katikati yake sehemu nne zinazoning'inia hanamu, yaani mshazari. Hanamu hunyooka kwa uzito wake wenyewe. Iache sketi ining'inie siku nzima au mbili ikiwa haijapindwa, halafu ivae, simama wima, mtu mwingine akupimie kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula na pini. Usipime kutoka kiunoni kwenda chini. Na usiiname kuangalia anafanya nini, maana ukiinama tu pindo lote limehama.

Sindano9

Mimi ni fulana. Cherehani ikawa inaruka mishono: mitatu inashika, minne haipo. Nikaipeleka kwa fundi wa mashine, akaifungua, akaniambia kuna vyuma viwili vya kubadilisha. Nikairudisha nyumbani kwanza nifikirie.

Ilikuwa sindano. Kitambaa cha kuvutika kinataka sindano yenye ncha ya mviringo inayosukuma nyuzi kando badala ya kuzitoboa. Nikabadilisha, ikashona kama maji. Na overloki, ile mashine ya kufunga kingo, si lazima. Zigizaga nyembamba, mshono wa kupindapinda, inavutika pamoja na kitambaa. Mshono wa kunyooka kwenye shingo ya fulana ulinikatikia kichwani nikiwa naivaa, mkono mmoja umeingia mwingine bado.

Kastabini

Mkasi Butu, mimi ni mmoja wa hao uliowaita. Nilianzia kwenye shimizi.

Kwa ambao hawajakutana na mambo haya: mwanamke wa Ulaya wa miaka ya 1700, chini ya kila kitu, alivaa shimizi ya kitani, gauni jepesi la ndani. Ndiyo iliyogusa ngozi na ndiyo iliyofuliwa mara kwa mara. Gauni la hariri lililokaa juu yake halikutiwa majini ovyo. Nikadhani nguo ya kale itakuwa na pateni ya kutisha. Haina hata mstari mmoja uliopinda, ukiacha shingo. Na maneno yake yote tunayo kwa Kiswahili tayari: badani (kipande cha kiwiliwili) moja ndefu inayopita begani bila mshono, mikono miwili ya mstatili, taharizi za pembetatu ubavuni za kupanua chini, na vikwapa viwili vya mraba. Kitani kilisokotwa na kufumwa kwa mkono, uzi kwa uzi, kwa hiyo hakuna aliyetaka kutupa hata kipande cha ukubwa wa kiganja. Pembetatu unazozipunguza juu ya badani ndizo unazozigeuza na kuziunga chini kama taharizi. Nilipomaliza kukata, mabaki yote niliyafumbata katika ngumi.

Kilichonitesa ni kikwapa. Ni mraba wa sentimita 12 kwa 12, basi. Unaushona pande mbili kwenye mkono na pande mbili kwenye badani, ukae kama almasi chini ya kwapa, mkono ukipanda badani isipande nao. Ukiwa mezani unauona wazi. Ukishaushika mkononi, kona inayotakiwa kuangalia kiwiko inaangalia kiuno. Niliufumua mara tatu. Mara ya nne nilichora kwenye kila kona kwa penseli: MKONO, UBAVU, MBELE, NYUMA, nikavaa ile nguo nusu nikashona upande mmoja nikiwa nimesimama mbele ya kioo. Ndipo mkono ukapanda mpaka sikioni na pindo likabaki pale pale gotini. Nilikaa nikiupandisha na kuushusha kama askari wa barabarani.

Uzi wa kitani niliupitisha kwenye nta ya nyuki kila mara kabla ya kuutumia, la sivyo unachanika manyoya na kujifunga vifundo. Mshono wenyewe una hatua mbili: unaunga kwanza, unapunguza ukingo mmoja, unaukunja ule mrefu juu yake, unaulalia kwa mishono midogo. Ndani na nje havitofautiani sana. Wiki sita, jioni jioni. Leo ni mwaka wa nne, nailalia usiku, haijaachia hata mshono mmoja.

FundiWaUsiku

Kastabini nakuheshimu lakini wiki sita kwa nguo ya ndani?? Cherehani ingemaliza baada ya chakula cha jioni kabla ya kulala. Nani atakuinamia kwapani kuangalia kama ni mkono au mashine?

Kastabini

Hakuna. Na sijamwambia mtu kwamba cherehani ni dhambi. Hataza ya cherehani ya Elias Howe ni ya 1846, ya Isaac Singer ni ya 1851, kwa hiyo anayeshona gauni la 1870 kwa cherehani yuko sawa kabisa, wenyewe walikuwa nazo. La 1770 ndilo lilishonwa kwa mkono lote, kuanzia shuka la mkulima hadi koti la mfalme.

Mimi nashona kwa mkono kwa sababu nyingine. Kwanza, nafumua kidogo. Mkono unakosea sentimita mbili unasimama. Mashine inakosea mita nzima kabla hujainua mguu. Pili, nashona nikiwa nimekaa na watu. Cherehani yangu iko kwenye kona, inapiga kelele, nikiiwasha kila mtu anaondoka.

FundiWaUsiku

Hilo la kukosea mita nzima nimelikubali bila mjadala. Wiki iliyopita nimeshona mguu wa suruali nzima nikashtuka bobini, ile ya uzi wa chini, iliisha zamani, nilikuwa natoboa tundu tu.

Mzee wa Pasi

Nimeshona kwa riziki miaka mingi, sasa nashona kwa raha. Nimewasoma wote. Mnashona sana, mnapiga pasi kidogo.

Mshono ukishatoka kwenye mashine, upigwe pasi kama ulivyo, bado umefumba. Hapo uzi unazama kwenye kitambaa. Halafu ndipo unaufungua na kuupiga tena kwa ndani. Halafu kwa nje, juu yake kitambaa kingine. Mara tatu, na kabla mshono mwingine haujaukata huo. Nguo ikishaisha yote ukaja na pasi, umechelewa, kuna mahali haifiki tena.

Pasi inainuliwa na kuwekwa. Haisuguliwi. Ukiisugua unakivuta kitambaa, hasa hapo hanamu alipopataja huyo mama wa sketi.

Kwa sufu, mvuke, kisha ubao mkavu juu yake ukandamize mpaka upoe. Mkunjo hushika wakati wa kupoa. Wengi wanauondoa ukiwa moto wanashangaa umefunguka.

Mkasi Butu

Shikamoo mzee. Nimetoka kulipiga pasi shati la jana kama ulivyosema, mshono wa bega umelala kama umechorwa. Nina swali: mkono unaingiaje begani bila kufanya vikunjo? Shati hili la tatu nimefaulu kwa bahati, kwa uwezo wangu hapana.

Mzee wa Pasi

Marahaba.

Kichwa cha mkono ni kikubwa kuliko tundu la bega. Kwa koti au blauzi, sentimita mbili hadi nne. Imefanywa makusudi, bega lako lina mviringo. Shati la kiume huwa kidogo zaidi, na ukitaka raha unaliunga likiwa bapa kabla hujafunga ubavu.

Piga mistari miwili ya mishono mirefu kwenye kichwa cha mkono, ndani ya posho ya mshono, ule ukingo unaobaki nje ya mshono. Vuta nyuzi polepole mpaka kitambaa kijikusanye bila kukunjika. Kipe mvuke, kitajifinya. Kisha shona mkono ukiwa chini, badani juu. Meno ya cherehani hula kitambaa cha chini haraka kuliko cha juu, kwa hiyo yatakumezea ule ukubwa yenyewe. Ukiweka mkono juu, mguu wa mashine utakusukumia vikunjo mbele.

MamaBobini

Yaani miaka yote hii nimekuwa nikiweka mkono juu. Mzee ungekuwa wapi.

Hanamu

Naona Kastabini amefungua mlango wa karne ya 18, ngoja na mimi niingie kwa aibu yangu.

Nilishona gauni kwanza. Ndiyo kosa lote, mngeweza kuacha kusoma hapa. Gauni la miaka ya 1770, mgongo wa mikunjo iliyoshonewa chini, mbele linafungwa kwa pini kama walivyofanya wengi enzi zile. Nikalipima juu ya mwili wangu na sidiria ya kawaida. Likanikaa kama ngozi. Nikafurahi, nikasema sasa nishone koseti, lile vazi gumu la kushika kiwiliwili, ya kuvaa chini yake.

Koseti ya wakati ule haibani kiuno kama watu wanavyodhani, inageuza kiwiliwili kizima kuwa kama faneli iliyosimama: kifua kinapanda na kuwa bapa mbele, mabega yanarudi nyuma, mgongo unanyooka. Nilipoivaa nikapitisha gauni juu yake, mbele palibaki wazi vidole vitatu na nyuma kukawa na kitambaa cha ziada kinachopiga kelele. Kwapani kunakata. Mshono wa kiuno umeshuka. Halikuwa gauni langu tena. Mpangilio ni shimizi, koseti, gagulo la ndani, mifuko, magagulo ya juu, halafu gauni, na kila kimoja unakipima ukiwa umevaa vilivyo chini yake. Niliambiwa. Nikaona wanazidisha.

Basi gauni likafumuliwa mgongoni na mbele, nikaongezea vipande viwili ubavuni kutoka kwenye mabaki. Ukinitazama kwa mbali huoni.

Lakini koseti yenyewe naijivunia. Zamani iliwekwa kile kinachoitwa mfupa wa nyangumi, ambacho si mfupa. Ni yale mapapi ya mdomoni anayochujia chakula, yametengenezwa na kitu kile kile cha kucha zetu. Yanapinda, yakipata joto la mwili yanafuata umbo. Mimi nilitumia zile bana za plastiki za kufungia nyaya, pana, nimezikata kichwa na kuzilainisha ncha kwa msasa. Zikapita kwenye mifereji niliyoishona kwa cherehani (Kastabini funga macho), mifereji 86, na kila mmoja upana wake umepimwa uingie bana moja tu, usilegee.

Matundu ya kamba ndiyo niliyafanya kwa mkono. Hutumii mkasi. Unachukua msharasi, kile chuma chenye ncha cha kutobolea, unausukuma kati ya nyuzi, unauzungusha, nyuzi zinasogea bila kukatika. Halafu haraka kabla halijajifunga unazungushia uzi wenye nta, unavuta kila mshono kwa nguvu ile ile, na kila mishono mitatu unarudisha msharasi tundu likumbuke ukubwa wake. La kwanza lilinichukua dakika ishirini likatoka kama jicho la mtu aliyelia. Kufikia la kumi na tano nilikuwa dakika saba. Yako 28. Hayajaelekeana pande mbili, yanapishana, kwa sababu kamba ni moja tu, inapanda kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara. Nilitoboa upande mmoja yote yakiwa yameelekeana nikalazimika kuongeza tundu moja juu na moja chini, ndiyo maana 28.

Kastabini

Nimefumba macho na nimeyafumbua. Bana za plastiki sina neno nazo kabisa, kwa kupinda zinakaribia mapapi ya nyangumi kuliko chuma. Ila mifereji 86 kwa mashine na matundu 28 kwa mkono, dada, ungenishirikisha ningekushonea nusu ya mifereji.

Sindano9

"Mifuko" ipo kabla ya gauni? Mifuko gani hiyo?

Hanamu

Sindano9 hiyo ndiyo sehemu tamu. Mfuko haukushonewa kwenye gauni. Ni mifuko miwili ya kitambaa, mirefu kama peasi, imeunganishwa kwa utepe unaofungwa kiunoni juu ya gagulo la ndani. Gauni na magagulo ya juu yana mpasuo ubavuni, unaingiza mkono unakuta mfuko. Wangu unaingia simu, funguo, miwani, mkasi mdogo na chupa ya maji. Nimeanza kuuvaa chini ya sketi za kawaida. Kama hujawahi kushona kitu cha kihistoria anza na huo, vipande vinne na utepe, na ukikosea uko chini ya sketi.

Mgeni wa Cherehani

Huo mfuko unakaa chini ya sketi ya lastiki?

Hanamu

Unakaa. Toboa mpasuo ubavuni sentimita 20 hivi, upinde kingo. Tayari umehama bila kuhama.

Kiuno Kimoja

Suruali, wakuu. Mbona hakuna anayetaja suruali?

Nilichukua suruali yangu kuukuu, nikaitandaza juu ya karatasi, nikachora mguu mmoja kwa mbele, nikatumia mchoro huo huo kwa nyuma. Nilifikiri mguu ni mguu. Nikashona, zipu ikakaa vizuri hata mimi nikashangaa, nikavaa, nikasimama mbele ya kioo, sawa. Nikakaa kwenye kiti.

Ule mviringo unaopita katikati ya miguu, wa nyuma lazima uwe mrefu na uingie ndani zaidi kuliko wa mbele. Una makalio ya kuyazunguka, mbele huna. Mimi niliikata sawa. Nguo ilitafuta nafasi, ikaikosa, ikajitengenezea yenyewe. Sauti yake mpaka leo naisikia.

Siku hizi naanza na nguo ya majaribio ya kitambaa cha marekani au shuka kuukuu, mishono mirefu ya bandi, sipindi, siweki zipu, nafunga kwa pini. Naivaa, nakaa, nachuchumaa, napanda ngazi. Mikunjo inaonyesha inakovutwa: ikianzia katikati ya miguu na kupanda kwenda nyonga pande zote mbili, huko chini kumebana, ongeza urefu wa mviringo wa nyuma. Ikiwa kitambaa kimelundikana chini ya makalio, punguza. Nachora juu ya nguo yenyewe kwa kalamu, nafumua, naitandaza, hiyo ndiyo pateni yangu. Suruali yangu ya sasa ilipitia majaribio manne. Shuka zimekwisha ndani ya nyumba.

Uzi wa Bluu

Nimekuwa nasoma tu, acha nitoe yangu ya miaka ya 1940.

Nilipewa bahasha ya pateni ya zamani, gauni la mchana, mabega mapana, sketi nyembamba. Nikaifungua: karatasi laini kama ngozi ya kitunguu, nyeupe kabisa. Hakuna mstari, hakuna mshale, hakuna maandishi. Kuna vitundu tu. Vikubwa viwili hapa, vidogo vitatu pale. Kumbe zamani pateni nyingi ziliuzwa hivyo, zimekatwa na kutobolewa bila kuchapwa wino, na maana ya vitundu imeandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Pateni za karatasi zenye saizi mbalimbali zilianza kuuzwa na Ebenezer Butterick huko Marekani mwaka 1863, kwa hiyo miaka mingi tu watu wamekata nguo kwa kusoma vitundu. Nilikaa na ile karatasi jioni nzima: hivi vitatu vilivyopanga mstari ni uelekeo wa mtande, hivi ni ncha ya dati (mkunjo wa kubana nguo ifuate mwili), hapa kunja. Nikanakili yote kwenye karatasi ngumu, yenyewe nikairudisha kwenye bahasha.

Imeandikwa saizi 14. Mimi pateni za sasa huwa nashona 14, nikaona tumeelewana. Kifua cha saizi 14 ya wakati ule ni inchi 32. Ya sasa ni 36. Bahati nilisoma inchi kabla ya kukata, lakini baada ya kununua kitambaa, na kitambaa hakikutosha kuongeza inchi nne.

Hapo nikafanya kama wao. Uingereza nguo zilikuwa kwa kuponi kuanzia Juni 1941 mpaka Machi 1949, na zilikuwepo sheria za kubana kitambaa, hata suruali za wanaume zilikatazwa kukunjwa juu chini ya mguu. Watu walikata gauni moja kutoka magauni mawili yaliyochakaa. Nikachukua sketi yangu ya kijivu isiyovalika, nikaifumua, nikaitumia kwa mabega, kola na vipande vya ubavu. Limetoka la rangi mbili. Kila anayeliona anadhani ndivyo lilivyobuniwa, nami sijamkatalia mtu.

FundiWaUsiku

Basi na mimi niseme, nimekuwa nikicheka tu za wenzangu. Mahameli. Nilikata koti zima la mahameli, mgongo unaelekea juu, mbele zote mbili zinaelekea chini, ili vipande viingiane kitambaa kisipotee. Mezani vilikuwa rangi moja. Nilipolivaa nikatoka nje kwenye mwanga, mgongo mweusi, mbele kahawia. Manyoya ya mahameli yana upande wa kulala, na mwanga unayasoma. Pitisha kiganja, upande mmoja laini, mwingine unakataa. Vipande vyote vielekee upande mmoja, hata kama kitambaa kitapotea.

Nalivaa usiku.

MamaBobini

Ndiyo maana unaitwa hivyo!

Mkasi Butu

Nimerudi, wakuu. Baada ya kuwasoma niliamua shati la nne liwe la kale, lile la wanaume la karne ya 18, ndugu yake shimizi ya Kastabini: mistatili mitupu, kola, vikofi, na vikwapa. Nikasema hapa hata mimi siwezi kukata mkono wa kulia mara mbili, mkono ni mstatili, hauna kulia.

Nimekata kwa kuvuta uzi mmoja wa kitani na kufuata njia yake, moja kwa moja, raha ya ajabu. Nimetia nta. Nimeandika kona za kikwapa kwa penseli kama ulivyosema. Nimeunga, nimeulalia mshono, nimepiga pasi mara tatu kama mzee alivyoagiza, nimevaa nusu nikasimama kwenye kioo. Mkono umepanda mpaka sikioni, pindo halijatikisika. Nimemwita mke wangu aje aone.

Akaniuliza kwa nini kwapani kumeandikwa UBAVU kwa nje.

Nimekaa nafumua. Kikwapa cha pili kesho.